Kufua ni kazi ya wanawake tangu jadi? Jadi ya nani?

Watu wangu, leo nina kitu cha kuanika. Sio siri za mtu, ni nguo.

Wiki mbili zilizopita anko alitutembelea hapa Ruiru Jumamosi asubuhi. Alinikuta kwenye ngazi za fleti nimebeba beseni la nguo, naelekea juu kwa kamba. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza kama nimeoa ama nimeolewa. Halafu akamaliza na ile sentensi ambayo kila kijana ameisikia: "Kufua ni kazi ya wanawake tangu jadi."

Sikumjibu. Ni mkubwa wangu, na alikuwa amekuja na mkate. Lakini hilo neno "tangu jadi" lilinikaa kichwani siku nzima. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kozi niliyoiacha ilikuwa na historia ndani yake. Karo ndiyo iliisha, udadisi haukuisha. Basi nikajiuliza: tangu jadi ipi hasa?

Tuanze na neno lenyewe. Kufua kwa Kiswahili ni kupiga. Mhunzi hufua chuma, na kile kipande cha chuma anachopigia juu yake huitwa fuawe. Nazi pia hufuliwa, ndio maana tunasema fulani hafui dafu. Nguo nazo zilifuliwa kwa kupigwa kwenye mawe. Hiyo kazi ilianza kama kazi ya misuli, ndugu yangu. Neno halijasema popote ni misuli ya nani.

Sasa njoo huku kwetu bara. Kabla ya ukoloni, Wagikuyu walivaa ngozi, hasa za mbuzi. Ngozi huwezi kuiloweka kwenye sabuni ya unga halafu uikamue. Ililainishwa kwa mafuta ya mbarika. Nguo za pamba zilianzia Pwani, ambako karne ya 19 kitambaa kutoka Marekani kilizoeleka hadi kikaitwa merikani. Huku ndani zilienea pamoja na wafanyabiashara, reli na wamisheni. Misheni ya Thogoto ilianza mwaka 1898. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi lake likapita Ruiru hadi Thika mwaka 1913. Shule zilipokuja, zikaja na sare na sabuni, na nguo safi ikawa alama ya msomi.

Piga hesabu. Cucu wa cucu yangu hakuwa na Jumamosi ya kufua. Hii ratiba tunayoiita jadi ina miaka mia na kitu tu. Haijawafikia hata mababu wa anko.

Sehemu inayofuata ndiyo ningependa anko aisome akiwa ameketi. Unajua neno dobi limetoka wapi? Ni la Kihindi. Kule India madobi ni watu wa ukoo ambao kazi yao ni kufulia wengine, na wanaume wamo kabisa, wamesimama ndani ya maji wakipiga nguo za mtaa mzima. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na wengine wengi wakaja nyuma yao kufanya biashara na kazi za mikono. Neno dobi tukalichukua kutoka lugha yao, likawa letu.

Na kwenye nyumba za masetla? Kwa miaka mingi ya ukoloni wafanyakazi wa nyumbani Kenya walikuwa wanaume zaidi. Mpishi mwanaume, mfagiaji mwanaume, dobi mwanaume. Kipande, ile karatasi ya kuvaa shingoni iliyoanza kutumika mwaka 1920, kilikuwa cha wanaume, na ndani yake mwajiri aliandika kazi na mshahara. Kuna wanaume wa Kenya waliolea familia kwa kufua na kupiga pasi ya makaa mashati ya Mzungu. Hakuna aliyewauliza kama wameolewa.

Kwa hivyo shida haikuwa mwanaume kugusa maji ya sabuni. Kufua kulikolipwa mshahara kulikuwa kazi ya mwanaume, na kufua kwa bure nyumbani kukaitwa kazi ya mwanamke. Baadaye viwanda na ofisi vikawapa wanaume malipo bora, na kazi za nyumbani zikaachiwa wanawake, malipo yakiwa chini. Leo dobi wa zamani amekuwa mama fua, yule anayengoja kwenye geti la estate asubuhi akitumaini kuitwa.

Sasa mtu ataniambia: hayo ni ya kale, siku hizi kuna mashine. Hapo ndipo hadithi ya kwetu inaingia.

Sisi ni watu sita nyumbani. Mama ana biashara Thika, kila siku anapanda matatu saa kumi na mbili asubuhi, anarudi giza limeingia. Baba yuko kazini Nairobi. Wadogo zangu watatu wako shule, yaani sare, soksi nyeupe na matope ya Ruiru. Mwaka juzi Baba alinunua mashine ya kufua, akilipa kidogo kidogo. Tulipiga picha nayo. Tulidhani shida imeisha.

Kumbe mashine hunywa maji, na yenyewe haiendi kuyateka. Sisi tunakaa ghorofa ya nne na maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, mara nyingi usiku. Mama akawa anaijaza kwa ndoo. Na cha pili, ambacho naona aibu kukiandika: mashine ilipofika, tulianza kuchafua zaidi. Suruali niliyokuwa navaa mara nne nikawa naivua baada ya siku moja naitupa kwenye kapu, "si mashine iko." Taulo zikafuliwa kila baada ya siku mbili. Rundo la nguo lilikua, na anayejaza, anayeanika na anayekunja alibaki yule yule.

Nilidhani ni ujinga wetu peke yetu. Halafu nikakutana na Ruth Schwartz Cowan, mwanahistoria wa Marekani, aliyeandika kitabu mwaka 1983 kiitwacho More Work for Mother. Anaonyesha kwamba vifaa vya umeme vilipoingia nyumba za Wamarekani, saa za kazi za mama hazikupungua jinsi watu walivyodhani. Kabla ya hapo familia nyingi zilipeleka nguo kwa dobi, ama zilimlipa mwanamke aje kufua. Mashine ilipofika, ile kazi ikarudi nyumbani, ikamwangukia mama peke yake, na kiwango cha usafi kikapanda. Nikasoma hapo nikaona kapu letu.

Na maji je? Hapa kuna kitu cha kutafakari ukiwa unangoja mfereji ulie. Mto Thika umezuiwa kule Ndakaini, Murang'a, bwawa lililokamilika mwaka 1994, na maji yake mengi huenda Nairobi. Bwawa la Ruiru, la enzi za ukoloni, nalo lilijengwa kwa ajili ya Nairobi. Mabwawa yana majina ya miji yetu, na mabomba yameelekea kwingine. Wakati huohuo sisi tumeongezeka: barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, fleti zikamea kwenye mashamba ya kahawa, na Ruiru ikatoka watu karibu 240,000 kwenye sensa ya 2009 hadi karibu 490,000 mwaka 2019. Bwawa la Karimenu II lilizinduliwa mwaka 2022 kusaidia huku kwetu, lakini kwenye ploti yetu mtungi wa lita 20 bado ni mali.

Si sisi tu. Miaka ya 1960 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walipima maji ya nyumbani Kenya, Uganda na Tanzania. Wengine walirudi maeneo yale yale miaka 30 baadaye. Nyumba zenye mfereji zilikuwa zinatumia karibu nusu tu ya maji ya zamani kwa kila mtu. Mfereji upo, maji hayapo.

Sasa nikwambie kilichonitoa kwenye kochi. Jumapili moja saa nne usiku nilikuwa nahariri video. Mada, usicheke, ilikuwa kujituma. Nikasikia maji. Nikatoka nikamkuta Mama kwenye beseni, simu imeegemezwa kwenye dirisha kwa sababu stima zilikuwa zimepotea upande wa bafu, anasuuza sare za Jumatatu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka kwa sababu ya sabuni. Hudi yangu ya kurekodia ilikuwa ndani ya ile beseni. Nikamwambia, "Mama, si ungeniita." Akanijibu bila kuniangalia: "Baba, nikuite mara ngapi? Unajua nguo zako ziko wapi."

Hakukasirika. Hiyo ndiyo iliniuma.

Kesho yake nilienda Thika kwa cucu, aliyechuma kahawa kwenye estate za huku akiwa msichana. Nikamuuliza waliwezaje na watoto saba. Akasema, "Tulikuwa na nguo mbili. Moja mwilini, moja kwenye kamba. Na mtoto aliyefika mto alifua yake."

Hiyo ndiyo ratiba yetu sasa. Hatukununua kitu. Kuanzia mdogo wa darasa la nne, kila mtu anafua soksi na chupi zake akioga. Sare zina mwenyewe, zinalowekwa mara tu mtu anapofika kutoka shule. Suruali ngumu na sweta havifuliwi mpaka vichafuke kweli. Maji yakija usiku, mimi ndiye ninayeamka kujaza mitungi, kwa sababu nilikuwa macho hata hivyo. Jumamosi mashine inafua nguo kubwa, mimi najaza, kaka anaanika, dada anakunja, Baba anapiga pasi. Ndiyo, Baba. Alisema yake ni pasi, hatukumbishia. Mablanketi tunamwita mama fua mara moja kwa mwezi, tunapatana bei kabla aanze, na analipwa siku hiyo hiyo na chai juu.

Kuna Jumamosi mpango huvunjika, sitakudanganya. Lakini rundo limepungua karibu nusu, na Jumapili usiku Mama analala.

Nyumba nyingi zenye shughuli hutafuta kitu cha kununua ndio kufua kuwe rahisi: sabuni kali zaidi, mashine kubwa zaidi. Thika yetu inafuma vitambaa na kutengeneza sabuni, hatuna upungufu wa vitu. Ukiangalia historia, kila kitu kipya kilibadilisha namna ya kufua, na mikono ikabaki ile ile ya mtu mmoja. Hesabu kwanza mikono iliyo nyumbani kwenu. Kisha hesabu ni mingapi inayofua.

Anko ameshasema atakuja Krismasi na atalala siku tatu. Karibu sana, anko. Beseni lako la bluu liko nyuma ya mlango.