Korosho Zilizouzwa Zikiwa Ua

Wageni wanaofika Lupaso siku hizi wanakuja kuona kaburi. Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, alizaliwa huku Masasi Novemba 12, 1938, na Julai 29, 2020 akarudishwa kuzikwa hapa. Wanapiga picha, wanaulizia njia ya Ndanda, wanaondoka. Wachache wanaotazama pembeni huona mikorosho, na hudhani kila mkorosho ni wa mtu anayeishi nyumba ya jirani. Mara nyingi ni kweli. Lakini mkorosho huohuo unaweza kuwa na mwenyewe wa miaka yote na mwenyewe mwingine wa msimu mmoja, na huyo wa pili hajaandikwa popote.

Biashara ya huyo wa pili inaitwa kangomba. Mnunuzi anamwendea mkulima kabla ya mnada, pengine kabla hata ua halijatoka, anamwachia fedha au gunia la mahindi, na korosho zikianguka zinakuwa zake. Kagera, kahawa ikiuzwa ingali juu ya mti, wanaiita butura. Mijini, anayenunua kiwanja au nyumba kabla haijatangazwa anasifiwa kwamba amewahi. Huku kwetu, anayewahi korosho anatafutwa na mkuu wa wilaya.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kila serikali iliyotutawala imeipiga vita biashara hii na hakuna iliyoimaliza.

Mkorosho wenyewe ni mgeni. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazil. Ulikuja kuwa zao kubwa la biashara kusini baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati Waingereza wakimwaga mamilioni ya pauni kwenye karanga za Nachingwea, mradi ulioanza 1947 na kuvunjika 1951, wakulima wa Masasi na Newala walikuwa wanapanda mikorosho bila trekta wala mhandisi. Mti unavumilia mchanga, unavumilia ukame, na ukishakua unazaa miaka mingi. Kwa Wamakua, Wamakonde na Wayao, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mti ulikuwa na faida nyingine: shamba lingeweza kuwa la ukoo, lakini mti ukawa wa aliyeupanda. Mtu asiyeweza kuuza ardhi aliweza kuuza mazao ya mti wake, na mti ukawa rehani.

Wakoloni waliiona hatari hiyo mapema. Tanganyika ilikuwa na sheria iliyobana mikopo kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali, hakuweza kudai mahakamani. Zanzibar, ambako mashamba ya mikarafuu yalikuwa yamezama kwenye madeni, dikrii ya mwaka 1934 ilizuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kupita mikononi mwa wakopeshaji wa Kihindi. Nia ilikuwa kumlinda mwenye mti. Lakini mwenye mti alikuwa bado ana njaa, na benki haikumjua. Mkopo uliofungiwa mlango wa mbele uliingia kwa mlango wa nyuma, na riba yake ikapanda, maana mkopeshaji asiye na mahakama hujilinda kwa bei.

Kisha ikaja zamu ya serikali yetu. Vijiji vya miaka ya 1970 viliwahamisha watu kutoka karibu na mikorosho yao. Shamba likawa mwendo wa saa mbili, palizi ikaachwa, nyasi zikaungua pamoja na miti. Ubwiriunga nao ukashambulia maua. Nchi iliyovuna tani zaidi ya 140,000 msimu wa 1973/74 ilikuwa inavuna chini ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda 12 vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya nje vikakosa korosho, na vingi baadaye viligeuka maghala. Biashara ilipofunguliwa mwaka 1991, wanunuzi walirudi na mizani zao hadi uani.

Mkapa hakuziona korosho kwenye ramani tu. Huku ni kwao. Mwaka wake wa mwisho Ikulu, 2005, ndipo ilipopatikana sheria ya stakabadhi ghalani, na msimu wa 2007/08 mfumo ukaanza kwenye korosho za Mtwara. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapangwa daraja, unakwenda ghala kuu, na wanunuzi, kabla mnada haujaingia mtandaoni, walishindana kwa zabuni zilizosomwa hadharani. Fedha zinashuka kupitia chama kikuu, sisi MAMCU na wa Newala na Tandahimba TANECU, baada ya makato. Naupenda mfumo huu zaidi ya wenzangu wengi wanavyoupenda. Mtu wa Lupaso kusikia bei ileile aliyoisikia mnunuzi kutoka India si jambo dogo.

Tatizo ni mwezi. Ile stakabadhi, kwa mujibu wa sheria, inaweza kuwekwa dhamana benki. Ni wazo zuri sana, ila inapatikana Oktoba, korosho zikiwa tayari ghalani. Njaa ya huku ni Februari, wakati ghala la nyumbani limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Kati ya Februari na Oktoba hakuna karatasi. Kuna kangomba.

Tuseme mkulima anapewa shilingi 1,000 kwa kilo mwezi wa pili, na mnadani kilo inafika 3,000. Mnunuzi amezidisha fedha yake mara tatu kwa miezi tisa, na ukisikia hivyo damu inachemka. Lakini naye anabeba mvua isiyonyesha, ubwiriunga, na mkulima anayeweza kumgeuka asubuhi ya mavuno bila yeye kuwa na pa kushitaki. Si malaika, ananufaika kwa shida ya mwenzake. Wala si lazima awe tajiri kutoka mbali. Mara nyingi ni mwenye duka, au mtu wa mshahara, mwalimu au muuguzi, yule anayeitwa msomi wa kijiji. Ni sisi.

Mnada nao umewahi kuwavunja watu moyo. Aprili 2013, Liwale, wakulima walichoma nyumba za viongozi baada ya malipo ya pili kuja pungufu ya walivyotarajia. Mtu aliyeshuhudia hayo akipewa taslimu leo, hata kwa bei ya kutupa, anaielewa hesabu yake.

Halafu 2018. Wakulima waligomea bei za minada ya mwanzo, na Novemba 12, siku Mkapa alipotimiza miaka 80 (sadfa tu, lakini huku ilisemwa), Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzibeba. Aliyekuwa na zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa kuonyesha shamba. Timu za uhakiki zilipita vijijini zikiwasaka kangomba kwa swali moja: mikorosho yako iko wapi? Wapo waliokuwa na mikorosho mingi na korosho kidogo, kwa sababu nyingine walishaziuza. Wapo waliokuwa na korosho nyingi bila hata mche. Na wapo wakulima halisi waliosubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Hao, mwezi wa pili ulipofika, walikwenda kwa nani?

Kwa haki, sababu kadhaa za kuuza ua zimepunguzwa. Salfa inagawiwa kwa ruzuku, ada ya shule za serikali imeondolewa. Imebaki njaa, ugonjwa, msiba, jando la mtoto. Na tangu msimu wa 2024/25 mnada unapitia mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Bei inaonekana kwenye skrini, na simu zinaisambaza kabla watu hawajatawanyika. Korosho za kangomba nazo zimo humo. Zimepita chama cha msingi kwa jina na akaunti ya mtu mwenye shamba, na kwenye skrini hazitofautiani na nyingine.

Siku ya mnada mmoja nilimkuta jirani, bibi wa makamo ya nyanya yangu, amekaa barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza zimekwenda shilingi ngapi. Nikamtajia.

“Hizo nzuri, mjukuu wangu,” akasema. “Zangu tulizila mwezi wa pili.”

Akavuta ungo, akaendelea kuchambua mbaazi.