Somo la Historia: Maziwa ya Mtoto wa Ndovu

  Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ana daftari na kalamu. Mwisho wa somo mtaulizwa maswali.

Leo tutajifunza jinsi watu walivyohangaika miaka mingi nchini Kenya kutafuta chakula kimoja tu. Chakula hicho ni maziwa ya kumlisha mtoto wa ndovu aliyepotelewa na mama yake.

Kwanza tumjue mtoto mwenyewe. Ndovu hubeba mimba kwa miezi 22. Mtoto akizaliwa huwa na uzito wa kilo 100 hivi, yaani kupita gunia la mahindi. Hunyonya kwa kinywa, wala si kwa mkonga. Katika miaka miwili ya kwanza hawezi kuishi bila maziwa. Basi mama akiuawa, au mtoto akitumbukia kisimani na kundi likaenda zake, mtoto huyo hufa baada ya siku chache. Mwili wake ni mkubwa, lakini ni mchanga kama mtoto wako wewe.

Sasa twende Tsavo, kati ya Nairobi na Mombasa. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948. Mkuu wa kwanza wa upande wa mashariki alikuwa David Sheldrick. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia uwindaji wa ndovu. Hapa tuseme kweli. Katika nchi ile waliishi Wawata, wawindaji hodari wa upinde na mishale ya sumu. Tangu zamani waliishi kwa nyama ya ndovu, na pembe zilinunuliwa na wafanyabiashara. Sheria ilipokaza, wengi wao walitiwa gerezani kwa kazi waliyorithi kwa babu zao. Historia ya hifadhi ina machozi ya watu pia.

Ndovu walipouawa, au walipokufa kwa ukame, watoto wao walibaki yatima. Askari wa hifadhi waliwaokota porini wakawaleta nyumbani kwa Sheldrick. Mkewe, Daphne, aliyezaliwa Kenya mwaka 1934, ndiye aliyewalea.

Wale waliokwisha kuota nguvu na kujua kula majani waliweza kupona. Mmoja wao ni Eleanor, aliyefika Tsavo mwaka 1961. Lakini wachanga walikufa. Kwa nini? Walipewa maziwa ya ng'ombe, na mafuta ya maziwa yale hayakupatana na matumbo yao. Walihara, wakakonda, wakafa. Huruma ilikuwapo, na maziwa yalikuwapo, lakini hayakuwa maziwa yao.

Daphne hakukata tamaa. Alijaribu hivi, akajaribu vile, kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 alipata jibu. Alitumia maziwa ya unga ya kulelea watoto wa binadamu, yenye mafuta ya nazi. Naam, nazi hii hii tunayoikuna jikoni! Mafuta ya nazi yalikaribiana na mafuta ya maziwa ya ndovu. Mtoto mmoja mchanga, jina lake Aisha, akanywa, akanenepa, akacheza.

Je, kazi ilikwisha? La. Aisha alimzoea Daphne peke yake. Siku moja Daphne alisafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake. Aisha akamngoja, akakataa kula, akafa. Hapo likaja fundisho la pili: tumbo likishiba, moyo nao unataka jamaa. Tena si vema jamaa huyo awe mtu mmoja tu.

David Sheldrick alifariki mwaka 1977. Mwaka huo huo Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Daphne aliendelea na kazi yake ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Huko walezi Wakenya huwalisha watoto kwa chupa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Usiku mlezi hulala bandani pamoja na mtoto. Kesho yake hulala mlezi mwingine, ili mtoto asimshike mmoja. Blanketi hutundikwa ili mtoto auegemeze mkonga wake anaponyonya, kama anavyoegemea ubavu wa mama.

Fundisho la tatu ndilo kubwa. Waswahili husema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndovu akilelewa na watu siku zote, ataishije porini? Kwa hiyo wakikua kidogo hupelekwa Tsavo, wakutane na yatima wakubwa. Hawa huwafundisha njia, maji na adabu ya kundi. Eleanor alikuwa mlezi wa yatima wengi kwa miaka mingi, kisha naye akaenda kuishi na ndovu wa porini. Hakuna anayewafukuza wala kuwafunga. Kila mmoja huondoka siku yake ikifika.

Daphne Sheldrick alifariki mwaka 2018. Kwa njia hii yatima zaidi ya 200 wamelelewa, na baadhi ya majike wamezaa porini.

Ndugu msikilizaji, labda unalima karibu na hifadhi, na ndovu wamekula mahindi yako. Hasira yako ina haki. Lakini ukimkuta mtoto wa mnyama peke yake, kumbuka haya:

Kwanza, usimkamate upesi. Swala wengi huwaficha watoto wao majanini, na mama hayuko mbali.

Pili, akiwa ni mtoto wa ndovu, kaa mbali naye. Mama yake akirudi anaweza kukuua.

Tatu, usimpe maziwa ya ng'ombe, wala usimfunge kamba nyumbani.

Nne, peleka habari haraka kwa chifu au kwa maofisa wa wanyama pori.

Sasa fungueni daftari zenu. Jibuni maswali haya:

1. Kwa nini watoto wachanga wa ndovu walikufa walipopewa maziwa ya ng'ombe?
2. Mafuta gani yaliwafaa?
3. Kwa nini walezi hubadilishana usiku?
4. Wawata walipoteza nini sheria ilipokaza? Zungumzeni darasani.

 Someni tena ukurasa huu nyumbani, na msomeeni asiyejua kusoma.