Athari ya Mpemba

Athari ya Mpemba ni hali ya maji ya moto kuganda mapema kuliko maji ya baridi katika mazingira yaleyale. Imepewa jina la Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliweka kwenye jokofu mchanganyiko wa aiskrimu wa maziwa na sukari ungali moto, akihofia kukosa nafasi. Aiskrimu yake ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa.

Baadaye, akisoma shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu, Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto huganda mapema. Wanafunzi wenzake walimcheka, lakini Osborne alikwenda kulifanyia majaribio jambo hilo. Makala yao ya pamoja ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la *Physics Education*.

Kabla ya hapo, wanafalsafa Aristotle, Bacon na Descartes waliwahi kutaja jambo kama hilo. Uvukizi, mizunguko ya maji chomboni na gesi zilizoyeyuka ni miongoni mwa sababu zinazopendekezwa. Athari hiyo haijitokezi katika kila jaribio, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitilia shaka kuwapo kwake.