Maji ya Nyumba Nzima

Tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871 Livingstone alikwama Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kwa vidonda vya miguu. Huko ndiko alikopata habari za kolera iliyoua watu wengi Unguja, ikafuata misafara hata Maniema. Wengi zamani zile walidhani ni hewa mbaya.

Mwaka 1892 jambo lilionekana wazi kule Ujerumani. Miji ya Hamburg na Altona ilipakana, yote miwili ikinywa maji ya mto Elbe. Altona ilichota chini, penye uchafu wa wenzao, lakini ilipitisha maji katika mchanga. Hamburg haikufanya hivyo, wakafa watu zaidi ya 8,000. Altona walikufa wachache tu.

Basi mwenye nyumba wa Kasongo achague nini? Kitambaa huzuia takataka tu. Kuchemsha ni kuzuri, ila kuni za kutosha watu kumi ni mzigo, na mama ndiye aubebaye. Sisi twachagua pipa la mchanga: kokoto chini, juu mchanga mwembamba uliooshwa, na bomba la kutolea. Maji yasimame juu ya mchanga kadiri ya vidole vitatu, wala usikauke kamwe, maana juu yake hukaa vijidudu vyema vinavyokula vibaya, navyo hutaka majuma mawili matatu kukomaa. Kabla ya hapo, na siku za kolera, maji ya kunywa yachemshwe vilevile, na mtungi wa kuyapokea ufunikwe.