Upawa, Mawese na Meli Iliyolala Ziwani

Upawa wa kwanza niliokabidhiwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ulikuwa umeliwa na kutu mpaka kwenye mpini. Baba mdogo, aliyekuwa akisubu sufuria za alumini nyuma ya nyumba, aliutupa chini ya mwembe, akanipa tupa, ndimu nne na kopo la majivu. "Usiurudishe mpaka nijione sura." Nilikuwa na miaka 13, na mvua za Aprili hazikuwa na dalili ya kukata.

Ndimu hulegeza kutu, majivu huikwangua na kuua ukali wa ndimu, tupa humaliza palipobaki mashimo. Bibi yangu alinicheka kwa kuhangaikia tupa. Kwao walisugulia majani ya msasa, yale makali kama ulimi wa paka, ambayo jina lake siku hizi tumelipa karatasi ya dukani.

Mkulima akiona kutu kwenye jembe hashtuki, maana siku mbili za kulima zitaling'arisha. Sisi wa kusubu tunaiogopa. Kutu ina vitundu vinavyoshika maji. Uzamishe upawa wa namna hiyo ndani ya alumini, ambayo haiyeyuki mpaka ipite digrii 660, yale maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha uji wa moto usoni. Kwa hiyo hata upawa uliong'aa tuliupaka chokaa ya majimaji, tukauweka mdomoni mwa tanuri mpaka tone la mate liruke juu yake. Chokaa ina kazi ya pili: inazuia chuma kisiyeyukie kwenye alumini, maana sufuria iliyoingiwa na chuma hupasuka ovyo.

Kazi hii ni changa kwetu. Wahunzi wa Burundi waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, lakini wao walifua kwa nyundo. Hawakumimina kwenye kalibu. Kumimina kumekuja na mabati, injini na vyuma chakavu vya mji huu, ulioitwa Usumbura hadi uhuru wa 1962.

Dawa ya kutu ya baba mdogo ilikuwa mafuta, na ushahidi wake ulikuwa meli. Wajerumani waliunda Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaviunganisha tena Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanakaribia, mafundi wake walipaka injini grisi nzito, kisha wakaizamisha meli wenyewe. Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na injini zile zile. Buyenzi imejaa watu wenye asili ya Ujiji na Kigoma, kwa hiyo hadithi hii niliisikia kwa sauti nyingi, ila yeye aliisimulia kama vile grisi aliipaka kwa mkono wake. Nilipomwambia kwamba injini hizo ziliendelea na mvuke wake hadi miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli, alinyamaza siku nzima kwa furaha. Nilipoongeza kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari, na pengine yalisaidia, hakunijibu.

Grisi hatukuwa nayo. Oili chafu ya magaraji ilikuwa tele mtaani, ya bure, lakini ikiungua huacha masizi na moshi unaokaba koo. Yeye alichagua mawese ya Rumonge: chuma kikiwa moto, alikipaka kwa tambara mpaka kikavaa ngozi nyeusi, kisha akakitundika juu ya tanuri, kamwe si sakafuni, kwa kuwa saruji ya Bujumbura hutoa jasho usiku wa masika.

Kutu ya upawa, hata hivyo, si adui mkubwa. Mchanga wa kalibu lazima uwe na unyevu ndipo ushikane, basi mwiko na chuma cha kushindilia hushinda ndani ya maji tangu asubuhi. Kutu huanzia hapo. Mpaka leo vyombo vya mchangani navifuta jioni ile ile, kabla sijanawa mikono, na tambara la mawese linakaa kwenye kopo lile lile la majivu.