Historia ya Uamuzi Mmoja: Chanjo ya Homa ya Mafua kwa Watoto Wenye Hali ya Down

Kumchanja mtoto huonekana kuwa jambo dogo: sindano moja, kilio kifupi, na maumivu ya mkono yaishayo kwa siku mbili. Walakini kwa wazazi wa Marekani waliojaliwa mtoto mwenye hali ya Down, jambo hilo hurudi kila mwaka majira ya baridi yakaribiapo, nalo huja na mzigo wa miaka mingi. Mzazi anayesita aghalabu huitwa mjinga. Historia haimhukumu upesi hivyo. Yaonyesha kwamba shaka yake ina asili; na yaonyesha vilevile kwamba shaka hiyo, ikikosa jibu, yaweza kumdhuru mtoto yule yule ambaye yataka kumlinda.

Hali hii ilielezwa mwaka 1866 na John Langdon Down, tabibu wa Uingereza, aliyewapa watoto hao jina la watu wa Mongolia kwa sababu ya sura zao. Jina hilo lisilo haki lilidumu karibu miaka mia. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza huko Paris kwamba chanzo ni kromosomu moja iliyozidi, 47 mahali pa 46. Na mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani likaliacha jina la kale. Katika muda huo wote maisha ya watoto hao yalikuwa mafupi. Mwaka 1929 wastani wa umri wao ulikadiriwa kuwa miaka 9 tu, na maradhi ya kifua yalikuwa miongoni mwa adui zao wakubwa. Dawa za antibiotiki, upasuaji wa moyo na malezi ya nyumbani vimeufikisha umri huo karibu miaka 60 katika nchi zenye matibabu mazuri.

Homa ya mafua nayo ina historia yake. Kirusi chake kutoka kwa binadamu kilipatikana London mwaka 1933, kwa kazi ya Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw. Miaka michache baadaye Thomas Francis na Jonas Salk walishughulikia chanjo katika jimbo la Michigan, Marekani. Vita vilikuwa vimewaka, na jeshi lilikumbuka jinsi mafua ya mwaka 1918 yalivyowaua askari kambini. Basi mnamo mwaka 1942 wagonjwa wa hospitali ya akili ya Ypsilanti walichanjwa, kisha baadhi yao wakapuliziwa virusi hai puani, ili ijulikane kama chanjo ilikuwa na nguvu. Ilikuwa nayo, na mwaka 1945 ikaidhinishwa kutumiwa Marekani. Wagonjwa hao hawakuwa watoto wenye hali ya Down. Lakini walikuwa jamaa zao katika jambo moja, kwamba walifungiwa mbali na macho ya watu, na sauti yao haikuhesabiwa.

Kilichowapata watoto wenyewe kilionekana Willowbrook, shule ya serikali katika kisiwa cha Staten, New York. Ilijengwa kwa watu 4,000 wenye ulemavu wa akili. Kufika mwaka 1965 walikuwa zaidi ya 6,000, na wenye hali ya Down walikuwa miongoni mwao. Tangu mwaka 1956 Saul Krugman na wenzake waliwatia baadhi ya watoto virusi vya homa ya ini kwa makusudi ya uchunguzi. Wazazi waliombwa idhini, na walitia sahihi. Lakini mwaka 1964 shule ilipofungwa kwa wageni kwa sababu ya msongamano, mlango wa wodi ya uchunguzi ulibaki wazi. Mzazi aliyechoka, asiye na msaada mwingine, alitia sahihi ili mwanawe apate kitanda. Je, idhini ya namna hiyo ni idhini? Mwaka 1972 televisheni ilipoonyesha hali ya Willowbrook, taifa lilishtuka. Na mwaka 1974 ikatungwa sheria ya kuwalinda watu wanaochunguzwa.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Haifai kumcheka aliyeshtuka. Yafaa kumwonyesha kama katika unyasi huo mna nyoka au hamna.

Jibu la wazi lilikuja na mafua yaliyoenea duniani mwaka 2009. Uchunguzi uliofanywa Mexico ulionyesha kwamba wagonjwa wenye hali ya Down walielekea kulazwa hospitali mara 16 kuliko wengine, na hatari yao ya kufa ilizidi mno. Sababu zake zaeleweka. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Njia zao za pumzi ni nyembamba, misuli yao ni legevu hata kukohoa kwao si kwa nguvu, na chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi aghalabu ni chache. Mafua yanayomlaza mtoto mwingine siku tatu nyumbani yaweza kumfikisha huyu kwenye homa ya mapafu.

Chanjo haiondoi hatari yote. Pengine mwili wa mtoto huyu hutengeneza kinga pungufu kuliko ya nduguze. Na hiyo ndiyo sababu ya kuwachanja pia wazazi, ndugu na walezi, ili ugonjwa usipate mlango wa kuingilia. Chanjo ya sindano haina kirusi kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kuleta mafua. Ile ya kupulizwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na haimfai kila mtoto, hasa mwenye kinga dhaifu sana au pumu. Hapo tabibu huulizwa. Mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa mara ya kwanza huko Marekani hupewa dozi mbili, zikipishana angalau wiki nne. Mwaka 2010 washauri wa chanjo wa nchi hiyo walipendekeza chanjo ya kila mwaka kwa kila mtu aliyetimiza miezi 6 asiye na kizuizi cha kitabibu.

Hivyo historia hii yawadai watu wawili. Tabibu yampasa akumbuke Ypsilanti na Willowbrook kabla ya kukasirishwa na maswali, na ayajibu yote, hata yale anayoyaona madogo. Mzazi naye yampasa aulize ili ajibiwe, wala asiulize ili apate sababu ya kuahirisha. Wazazi wa Willowbrook walitia sahihi kwa kukosa njia nyingine. Mzazi wa leo anaweza kuuliza, kupima na kukubali kwa hiari. Na uhuru huo ulinunuliwa kwa mateso ya watoto kama wake. Itakuwa hasara kubwa ukitumiwa kumwacha mtoto bila kinga mbele ya ugonjwa unaomwonea kuliko wenzake.