Mkate wa Kusini na Deni la Unguja

Kila vinapotajwa vyakula vya pwani yetu, kuna dai linalorudi bila kuulizwa ushahidi: kwamba mikate ya asili ilianzia Unguja, ikafundishwa na Waarabu wa Omani, kisha ikashuka kusini mpaka Lindi, Mikindani na mlango wa Ruvuma, kwa watu waliokuwa hawajui kuoka. Mkate wa kumimina ndio unaotangulizwa kama ushahidi. Dai hili limeingia kwenye maandishi ya watalii na vitabu vya mapishi, na sasa limo kwenye video ambazo mabinti wa Mtwara wanazitazama ili wajifunze kazi ambayo bibi zao wanaijua kwa viganja. Naliona dai hili limepindua mambo. Katika karne iliyoujenga mji wa Unguja, nafaka ilitoka bara na kusini ikapanda kaskazini, na wanawake walioitwanga walipanda nayo, wengi wao bila hiari.

Kwanza tuuone mkate wenyewe. Mchele hulowekwa usiku, asubuhi huchujwa na kusagwa kwa tui zito mpaka rojo iwe laini kabisa. Hutiwa sukari, iliki na chachu, kisha huachwa uumuke. Wengine hupiga ute wa yai pembeni na kuuingiza mwishoni. Sufuria hupakwa mafuta na kupata moto kabla ya kumiminwa kitu. Makaa machache chini, makaa mengi juu ya kifuniko: huko ndiko kupalia, na hapo ndipo ulipo ufundi wote. Vifuu vya nazi hupendwa kwa kazi hii kwa kuwa makaa yake ni makali na yakishakolea hayafuki moshi.

Mama mmoja wa Mikindani, ambaye mapishi yake aliyapokea kwa mama yake naye akayapokea kwa wake, hatumii saa. Hupitisha kiganja juu ya kifuniko, halafu huinama kunusa. Harufu ya tui ikianza kukaribia kuungua pembeni mwa sufuria, huyaondoa makaa yote ya chini na kuuacha mkate umalizwe na moto wa juu. Katika rojo yake hutia korosho zilizovunjika wakati wa kubangua, akazitwanga nusunusu. Anasema mama yake alihesabu kwa kibaba, vibaba vinne kwa pishi, na kwamba siku hizo chachu haikununuliwa dukani. Wazee wengi wa pwani husema hivyohivyo: mkate uliumuliwa kwa tembo la mnazi, mpaka hamira ya dukani ilipozoeleka na watu wa dini wakapata nafasi ya kuliacha tembo kabisa.

Anayesema watu wa kusini hawakuwa na kuoka kwa kuwa hawakuwa na tanuri hajawahi kukaa karibu na sufuria iliyopaliwa. Moto wa juu na wa chini ni kuoka kamili, na vyombo vyake ni chungu, mkungu wa kufunikia na makaa. Hakuna hata kimoja hapo kilichohitaji jahazi la Maskati.

Kwa nini basi Unguja ikapewa sifa? Kwa sababu Unguja iliandikwa. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka 1939, ikisimama juu ya kazi ya A. C. Madan, inautaja mkate wa kumimina na mkate wa mofa, na msomaji wa leo anachukulia kwamba jiko lililoandikwa ndilo jiko lililotangulia. Hata Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli ya 1903, alikuwa mtu wa Bagamoyo, akaandika aliyoyajua ya mrima wake. Mikindani haikupata Mtoro wake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Wazanzibari waliohamia Omani na Ulaya waliendelea kuandika na kuonyesha mapishi yao, na wamefanya vyema. Lakini wingi wa maandishi hauthibitishi asili.

Habari za kale nazipitia haraka, kwa kuwa hazina ubishi mwingi. Mtama ni nafaka ya Afrika. Mpunga uliingia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na huko Pemba wanaakiolojia wameonyesha jinsi ulivyokuja kushika nafasi ya mawele kufikia karne ya 11. Muhogo, karanga na mkorosho vilitoka Amerika kwa vyombo vya Wareno. Kwa Mikindani tunayo kazi ya Matthew Pawlowicz, ambaye utafiti wake uliokamilika 2011 ulionyesha kwamba watu wamekaa kuzunguka ghuba ile tangu milenia ya kwanza, na kwamba katika karne ambazo Kilwa ilikuwa katika kilele chake, ufinyanzi wa Mikindani ulielekea zaidi bara kuliko kwenye miji mikubwa ya pwani. Huo ni ushahidi mzito kuliko unavyochukuliwa. Pwani hii ilikuwa na uso wake, na haikuwa ikingoja kufundishwa kila kitu kutoka kaskazini.

Wako pia wanaosema kuoka kulitoka kwa Wareno wa Ibo na Kisiwa cha Msumbiji. Hoja hiyo hainishughulishi sana. Mkate wa Mreno ni wa ngano, na mikate ya zamani ya Ruvuma haina ngano. Meli iliyoleta mbegu ya mkorosho haikuleta pamoja nayo mwanamke wa kuonyesha namna ya kuitia korosho kwenye rojo ya mchele.

Karne ya 19 ndiyo yenye jawabu, na humo nataka tukae. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja na mashamba ya karafuu yakatanuka, kisiwa kilianza kula nafaka ya bara. Ardhi nzuri ilikuwa imeshikwa na mikarafuu, na vinywa viliongezeka kila msimu: watumwa wa mashambani, mabaharia, wapagazi, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Pwani ya kusini ilikuwa miongoni mwa zilizopakia mtama na ufuta, pamoja na pembe, sandarusi na baadaye mpira wa mwituni. Livingstone alipofika Mikindani Machi 1866, baada ya kushindwa kuteremsha wanyama wake kwenye mikoko ya mlango wa Ruvuma, alikuta bandari iliyokuwa tayari imo katika biashara ile. Mtu anapokula mkate wa mtama Unguja katika miaka hiyo, swali la kwanza linalostahili kuulizwa ni shamba gani liliutoa mtama ule.

Swali la pili ni nani aliutwanga. Hapa ndipo wanahistoria wa vyakula wanaponyamaza, nami siwezi kunyamaza nao. Watumwa waliopita forodha ya Unguja katika miaka ya 1860 walitoka kwa wingi Kilwa Kivinje, na nyuma ya Kilwa kulikuwa na njia zilizotoka Ruvuma na Ziwa Nyasa: Wayao, Wamakua, Wangindo, Wanyasa. Mikindani na Lindi nazo zilipitisha watu. Sehemu kubwa ya waliobaki Unguja walikuwa wanawake, na kazi za kutwanga, kusaga, kukuna nazi na kukaa motoni zilikuwa zao. Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake za 1886 majiko makubwa ya kasri la baba yake na wapishi wengi waliokuwa humo. Ameeleza vyakula kwa upendo. Majina ya waliovipika hayamo, wala makwao.

Watu hawa hawakufika Unguja wakiwa hawajui moto. Walikuwa wamelelewa katika nyumba zenye kinu na kijungu, wakapita unyagoni ambako binti hufundishwa jiko pamoja na mengine. Walipopewa mchele badala ya mtama, na sufuria ya shaba badala ya chungu, walitumia mikono ileile. Bibi mwenye nyumba aliagiza, akaonja, akakataa, akaagiza tena, na mkate ukapata sura aliyoipenda. Ndipo ukaitwa wake.

Kuna anayepinga kwamba ladha ni ya mwenye kuagiza. Hoja hiyo naiheshimu kwa kiasi. Iliki na sukari nyeupe ziliingia kwenye mikate yetu kupitia meza za matajiri wa mijini, na pengine hata ute wa yai. Sidai kwamba mkate wa kumimina kama ulivyo leo ulizaliwa kijijini Msimbati. Ninachokikataa ni kufuta upande mmoja wa jiko: kumtaja aliyeonja na kumsahau aliyepalia.

Na kulikuwa na safari ya kurudi, ambayo imesahauliwa zaidi. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wamepokea watu waliokombolewa kutoka majahazini, wakawaweka Mbweni na Kiungani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alichukua kundi la watu hao mpaka Lindi, akakata nao bara kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi, wengi waliona wamekaribia makwao, wakaweka maskani hapo. Vitabu vya kanisa husimulia habari hii kama mwanzo wa misheni. Mimi huisoma pia kama habari ya jiko. Ndani ya msafara ule walikuwamo wanawake waliozaliwa kusini, wakaishi Unguja miaka kadhaa, wakarudi kusini. Walichokijua walipoondoka na walichokijua waliporudi vilikuwa vimeshachanganyika. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi na watu wakatawanyika, baadhi yao kuelekea Newala. Ujuzi wa namna hiyo ukitawanyika nyumba kwa nyumba, hakuna mtu wa kuuliza tena ni wa Unguja au ni wa Makonde.

Ndiyo maana sipendi mchoro wa mshale mmoja uliotoka kaskazini kushuka kusini. Palikuwa na mzunguko, na katika mzunguko huo waliobeba gharama ni wanawake wa bonde la Ruvuma.

Ya baadaye yanajulikana. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliacha njaa kusini. Mwaka 1906 mwanaethnografia wa Leipzig, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala, na kitabu chake cha 1908, pamoja na dharau zake nyingi kwa wenyeji, kina maelezo ya karibu ya wanawake wakifinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu. Kwa anayetafuta historia ya mkate, kurasa hizo zina faida kuliko vitabu vya mapishi, maana kabla ya sufuria palikuwa na chungu. Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulituachia bandari ya Mtwara na reli iliyong'olewa muda si mrefu baada ya uhuru. Miaka ya uhaba wa sukari na unga ilipita, watu wakaoka walichonacho. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilipofunguliwa 2003, ngano ya Dar es Salaam ikawa karibu, na mkate wa dukani ukakaa kwenye chai ya asubuhi ya nyumba nyingi.

Mto Ruvuma wenyewe haujawahi kuwa mpaka jikoni. Kionga ilichukuliwa na Wajerumani 1894, ikashikwa na Wareno 1916, na familia za pande zote mbili zimeendelea kuoana na kuzikana. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza 1964 vilivusha maelfu ya watu kuja kwetu, na mashambulizi ya Cabo Delgado ya miaka ya karibuni yamewavusha wengine. Historia ya mkate wa Mtwara itakayoandikwa bila Palma na Mocímboa da Praia itakuwa nusu.

Jambo la kuni linanitia wasiwasi mkubwa zaidi. Minazi ya pwani hii imeshambuliwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, na mnazi ukifa hufa pamoja na tui, vifuu na makumbi. Mikoko ya Ghuba ya Mnazi imo ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000, na ni haki iachwe isimame. Chini ya ardhi ya Msimbati kuna gesi iliyogunduliwa 1982 na kuanza kutumika 2006, na bado nyumba nyingi za hapo hupikia kuni na makaa. Gesi hiyo ingefika majikoni kwa bei ya watu wa kawaida, kazi ya mama zetu ingepungua, nami ningefurahi. Kupalia kungebaki kwa siku za harusi na hitima, na kwa hiyo kunapaswa kuandikwa sasa, pamoja na jina la kila aliyemfundisha mwenziwe. Swali la nani alimfundisha nani lina uchungu kusini, maana familia nyingi zimeficha utumwa wa bibi zao. Huulizwa kwa upole, ndani ya nyumba, na mwanamke kwa mwanamke.

Kwa wanaotaka kuendelea na ubishi, ushahidi mwingine umo katika vigae. Mkungu uliopaliwa makaa huungua upande wake wa juu, na chungu kilichofunikwa nao huungua chini. Ni alama mbili tofauti, na mfinyanzi yeyote wa Newala anaweza kumwonyesha mtafiti. Vigae vilivyookotwa kuzunguka ghuba ya Mikindani vipo, vikiwa na umri wa karne nyingi. Anayesema kusini haikujua kuoka mpaka ilipofundishwa na Unguja avipindue kwanza vigae hivyo, atuambie moto ulikuwa upande gani.